Kimya cha Darini

Vibeke Lindhardt hajui kupika. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani namsifia kwa kuwa ni rafiki yangu. Viazi vyake huiva nje vikabaki vibichi ndani, na kila Krismasi niliyokula kwake nimeondoka mezani na njaa, nikala mkate nyumbani. Pia ni mbishi, na ana tabia ya kuazima miavuli ya watu. Lakini mpe jukwaa, mpe kiti na leso tu, atawavunja watu mbavu bila kufungua kinywa. Hapo simwoni wa kumfikia hapa Kopenhageni.

Tuliingia shule ya baleti ya jumba la maonyesho siku ile ile, watoto wadogo wenye soksi zilizotoboka, yeye akitokea Valby na mimi Amager. Tangu wakati huo tumekaa mbele ya kioo kimoja. Kwetu mchezaji wa baleti akifika arobaini miguu yake inastaafishwa, apende asipende. Wale wanaojua kusema kwa uso na mikono hubakizwa kucheza wazee, wachawi na mama wakwe. Mimi nilibakizwa kujaza umati: nimekuwa mke wa muuza samaki, nimekuwa mtawa, nimekuwa mgeni wa harusi nisiyehesabika. Vibeke alibakizwa kwa heshima zaidi, na sikuona wivu, au niliuona kidogo tu ukapita.

Sasa, mwaka jana walituletea mwelekezi mpya kutoka Aarhus, Signe Krabbe, binti mwembamba aliyenyoa nywele upande mmoja, aje kuutengeneza upya ule mchezo wetu wa kinu. Mchezo wenyewe kila mtu wa hapa ameuona akiwa mtoto. Binti wa mjane mwenye kinu cha kusaga unga anampenda kijana wa kuendesha mkokoteni. Mama mtu anataka binti aolewe na tajiri mmoja mpumbavu anayeogopa mabata bukini. Watu hucheka kuanzia pazia la kwanza mpaka la mwisho, na mwishoni vijana wanapata wanachotaka. Tangu enzi na enzi yule mama huchezwa na mwanaume aliyevaa sketi. Signe akasema safari hii mama atakuwa mwanamke, na mwanamke huyo ni Vibeke. Mwenzetu Henning, aliyekuwa akiingoja zamu yake, alinuna wiki nzima. Alikuwa ameshaanza kunenepa kwa ajili ya sketi ile.

Jambo la pili alilolitaka Signe ndilo lililoleta mambo. Zamani mchezo ulikuwa na densi moja iliyokatwa baadaye, eti inarefusha onyesho. Ni densi ya darini. Binti na kijana wamejificha juu, kwenye magunia ya unga, na mama amesinzia kitini chini ya ngazi anakoroma. Wanacheza bila viatu, bila kutoa hata mchakacho, ili asiamke. Signe aliisikia habari yake tangu akiwa shuleni na alitaka irudi. Aliyewahi kuicheza na bado yuko hai ni Vibeke. Na Troels Ipsen.

Lazima nieleze kidogo tulivyolelewa. Hatua za baleti kwetu haziandikwi. Aliyekuwa na sehemu anampa anayefuata, mwili kwa mwili. Enzi zetu wanawake walifundishwa ukumbi wa juu, wanaume ukumbi wa chini, milango imefungwa, na wawili wanaocheza pamoja walikutanishwa wiki ya mwisho tu, kila mmoja na nusu yake imeshakamilika. Ya mwenzio hukuuliza. Na hatua haibadilishwi. Aliyeongeza hata kidole alirudishwa umati wa nyuma akakaa huko mpaka adabu imwingie. Kwa hiyo Vibeke alikuwa na nusu ya binti, nusu ya kijana ilikuwa kwa Troels, na Troels alikuwa kisiwani kwao Bornholm akibanika samaki.

Siku Signe alipotangaza kwamba amempigia Troels simu na amekubali kuja, Vibeke alikaa kantini mbele ya kahawa mpaka ikapoa.

"Utainywa hiyo au unaiombea dua?" nikamwuliza.

"Jonna, nataka kumwuliza kitu kimoja."

"Kama bado ana nywele?"

"Kama alinipenda."

Hakuwa anatania. Nilikuwepo msimu ule walioicheza densi ile. Troels alikuwa kijana mrefu wa kisiwani, mzuri wa sura, na mzito wa kusema utadhani maneno anayanunua. Baada ya onyesho alikuwa anambebea Vibeke mkoba mpaka kituo cha basi, anasimama hapo mpaka basi linakuja, anamkabidhi mkoba, anarudi zake. Ndiyo hayo tu. Vibeke aliungua. Alikuwa anarudi chumbani kwetu anajitupa kitandani na viatu vyake, anasema, "Leo karibu aseme," na kesho yake vilevile. Msimu ulipokwisha Troels alikwenda ofisini akaacha kazi, akapanda meli kurudi kwa baba yake. Hakumuaga mtu. Vibeke alimngoja kwa namna ambayo hata mimi nilichoka kumwona, kisha akaolewa na Flemming, daktari wa meno, mtu mwema kabisa, meno yangu ni shahidi. Miaka kumi na miwili, kisha wakaachana bila kuvunja sahani. Flemming aliniambia mwenyewe: "Nilikuwa naishi na mwanamke anayesikiliza mlango." Sikumtetea rafiki yangu, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Mpaka leo, Vibeke?" nikamwuliza pale kantini.

"Mpaka leo. Sitaki kitu kwake, mimi ni mtu mzima. Nataka kujua tu. Kama hakunipenda, basi nilijidanganya nikiwa msichana, nitacheka. Kama alinipenda, kwa nini hakusema?"

"Na akisema hakumbuki hata jina lako?"

"Utaniazima mwavuli nikatembee kwenye mvua."

"Ule wa mwisho hujaurudisha."

Troels alifika Jumatatu asubuhi. Nywele zilikuwepo, nyeupe. Alinuka moshi wa kuni mpaka kwenye koti, na mkononi alikuwa na furushi la samaki wa moshi waliofungwa kwa karatasi, akampa bawabu, akanipa mimi, akampa Signe aliyeshika samaki yule kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Alipofika kwa Vibeke furushi lilikuwa limekwisha. Wakasimama wanatazamana.

"Umekuwa mama mtu," Troels akasema.

"Na wewe umekuwa samaki."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikapumua.

Tulipanda ukumbi wa juu. Vijana wa kufundishwa walikuwa wanangoja, Filippa na Malthe, wazuri mpaka wanaudhi, miguu mirefu, hakuna goti hata moja linalolia. Signe alitaka wazee waicheze kwanza wenyewe, pole pole, ili vijana waone inavyokaa. Mpiga piano akaanza. Nilikaa benchi la ukutani na nilikuwa nimejiandaa kuwahurumia. Haikuhitajika. Magoti yao yalilia, hawakuweza kuruka, mahali pa kuruka waliinua nyusi tu, lakini mikono yao ilikutana kila mahali pa kukutania bila kutafutana. Troels alikuwa ameivua soksi moja akasahau ya pili. Vibeke alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu tukiwa wasichana, na nilijikuta nakasirika, sijui na nani, kwamba watu wawili wanaokaa pamoja vizuri hivi walipelekwa mmoja kwenye samaki na mwingine kwenye meno.

Katikati ya densi kuna mahali muziki unakatika. Mama chini anaacha kukoroma. Vijana darini wanaganda, watu wanashika pumzi, ameamka au hajaamka? Kisha mama anaangusha kidevu, zumari nene la orkesta linakoroma upya, watu wanacheka, densi inaendelea. Kimya hicho ni mali ya mama: kiongozi wa orkesta hawezi kurudisha muziki mpaka kidevu kianguke. Wanaume wa sketi walikuwa wakikifanya kifupi, pumzi mbili, kidevu chini.

Walipofika hapo Troels aliganda, mikono chini. Vibeke aliganda, mkono wake wa kulia umetoka mbele kidogo, unangoja. Mpiga piano akaendelea, na Vibeke hakuendelea.

"Umesahau mkono," akasema.

"Mkono gani?"

"Mama akinyamaza, kijana anachukua mkono wa binti anauweka kifuani kwake. Hapa. Anaushikilia mpaka mama akorome."

Troels akaangalia sakafu. "Huo haumo."

"Haumo vipi? Uliufanya kila onyesho."

"Niliufanya. Lakini kwenye densi haumo. Mzee Aage alinifundisha kusimama tu, mikono chini, kama nilivyosimama sasa."

"Bi Gerda wa ukumbi wa juu aliniambia, hapo wewe simama, kijana ana lake la kufanya."

"Lake ni kuogopa," Troels akasema. "Alitakiwa aonekane anaogopa. Basi."

Mpiga piano aliondoa mikono. Malthe, ambaye amelelewa na jumba lile lile lililotulea sisi, alimtazama yule mzee utadhani amekiri wizi. "Yaani ulibadilisha hatua?"

"Nilibadilisha."

"Na hawakukuona?"

"Darini kulikuwa na giza. Taa yote ilikuwa kwa mama, na watu wote walikuwa wanamtazama yeye."

"Mimi nilikuwa namtazama kiongozi wa orkesta," Vibeke akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nangoja muziki urudi."

"Najua. Kila siku nilikuona ukimtazama." Troels alijaribu kutabasamu akashindwa, akaiinua ile soksi iliyovuliwa akaanza kuikunja. "Mimi kuongea sijui, Vibeke. Nilidhani kwa mkono ule nimeshakuuliza. Nikauliza msimu mzima, Jumapili nyingine hata mara mbili. Nikaona jibu ni hilo, nikaenda nyumbani."

Ningekuwa na kiatu mkononi ningemtupia yule mwanaume, na kingine ningemtupia rafiki yangu. Lakini ningemlaumu nani? Sote tulifundishwa kwamba kila kinachotokea jukwaani kimetoka kwa waliotangulia. Kijana akikushika mkono umeshikwa na mzee fulani aliyekufa zamani, wewe ukae wima uhesabu muziki. Ingemwingiaje Vibeke akilini kwamba mkono huo mmoja ulikuwa wa Troels?

Signe ndiye aliyesema wa kwanza, na simlaumu, ana kazi ya kumaliza. "Ni kitu kizuri mno," akasema. "Tuuweke. Malthe ataufanya."

Wote tukamtazama Vibeke. Alikuwa ameurudisha mkono wake, ameushika kwa ule mwingine.

"Hapana," akasema.

"Vibeke, ndiyo roho ya densi yote—"

"Siyo ya densi. Umemsikia mwenyewe, haumo. Ni wangu. Mmenichukulia magoti, mmenichukulia kiuno, huu niachieni."

Malthe akauliza, kwa adabu, "Sasa mimi nifanye nini hapo?"

"Ogopa," Troels akamjibu.

Mchana tulikula watatu kantini, mkate mweusi na samaki wake, na vitunguu juu. Nilitaka kuwaachia nafasi lakini Vibeke alinikanyaga mguu chini ya meza, nikabaki. Troels alisimulia habari za kuni, za watalii wa kiangazi, za wanawe wawili. Kisha akasimulia habari za mkewe, Inge, na alivyomsimulia mtu aliona kwamba ni mke anayependwa. Inge ana kicheko cha kusikika bandarini. Inge ndiye aliyemwambia aje: nenda kawape hao watoto densi yao, utazeeka nayo ya nini?

"Anajua?" Vibeke akauliza.

"Anajua kwamba nilikuwa mchezaji. Siku ya kufungua mchezo nitamleta. Hajawahi kuniona hata nikicheza harusini."

"Mlete," Vibeke akasema. "Atacheka sana."

Jioni, Troels alipokwisha kumpa Malthe nusu yake na kuondoka kwenda kupanda treni, Vibeke alisimama kwenye mlango wa nyuma wa jumba, pale baiskeli zinapofungwa, na hakulia. Aliniambia tu, "Nimekaa miaka yote hii nikingoja kuulizwa, Jonna. Kumbe nilikuwa naulizwa mbele ya ukumbi mzima, na mimi naangalia fimbo ya kiongozi wa orkesta." Nikamwambia hakuwa na namna ya kujua. "Ngozi yangu ilijua," akasema. "Ilikuwa inaungua kila siku pale pale. Nikaiambia inyamaze, hiyo ni hatua." Nikamkumbatia, kisha nikampa mwavuli.

Wiki zilizofuata alifanya kazi kama mtu anayedaiwa. Alitafuta namna ya kutembea ya mama wa kinu, akaitafuta namna ya kukaa kitini, ya kusinzia kwa kishindo. Vijana walijifunza densi ya darini ikawa nzuri, safi kabisa, kila kitu mahali pake. Pale kwenye kimya Malthe aliogopa vizuri. Filippa alisimama wima akamtazama kiongozi wa orkesta, kama tulivyofundishwa sote. Vibeke hakusema neno juu ya hilo. Alikuwa chini ya ngazi, macho amefumba. Pumzi mbili, kidevu chini.

Siku ya kufungua mchezo, ukumbi ulijaa mpaka juu. Mimi nilikuwa mke wa muuza unga, nina kapu, nilikuwa nimemaliza kupita na sikutakiwa tena mpaka harusi. Kwa hiyo nilisimama kando ya jukwaa, kwenye upenyo wa pazia ambao toka utotoni tunauita dirisha letu. Niliwaona Troels na mkewe safu ya nne. Inge ni mwanamke mnene, mashavu mekundu, gauni la bluu, na Troels alikuwa amesema kweli: kicheko chake kiliwaongoza wengine. Mabata bukini yalipomkimbiza yule tajiri mpumbavu alimshika mumewe bega akafuta machozi.

Kisha ikaja densi ya darini. Vijana wakavua viatu. Vibeke kitini, mikono tumboni, anakoroma kwa raha zake, na watu wamefurahi. Muziki ukakatika. Akanyamaza.

Pumzi mbili zikapita. Watu wakacheka, kama wanavyocheka siku zote. Kidevu hakikuanguka. Wakacheka tena, cha pili kikawa kidogo. Kiongozi wa orkesta alikuwa ameinua fimbo, na nilimwona jasho likimtoka mbele ya masikio, anamkodolea macho Vibeke, na Vibeke macho yake yamefumba. Signe alikuwa nyuma yangu. "Amesahau," akaninong'oneza. "Mungu wangu, amelala kweli." Nikamwambia nyamaza.

Kule juu, Malthe alikuwa amemaliza woga wake wote, hana mwingine. Filippa alikuwa bado anaitazama fimbo, anangoja. Lakini fimbo haikuwa na chochote cha kumwambia. Basi yule binti akageuza shingo, taratibu, akamtazama kijana aliye mbele yake, kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza kwamba hapo pamesimama mtu. Malthe akamtazama. Hawakugusana. Ukumbi mzima ulinyamaza, watu waliolipa kuja kucheka, hakuna aliyekohoa.

Nikamtafuta Troels kwa macho. Inge alikuwa ameacha kucheka, ameegemea mbele, mdomo wazi kidogo, anawatazama vijana darini kama watu wote. Troels peke yake katika safu ile hakuangalia juu. Alikuwa anamtazama mwanamke aliyekaa kitini chini ya ngazi.

Ndipo kidevu kikaanguka. Zumari likakoroma, ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na densi ikaendelea mpaka mwisho bila kasoro.

Vibeke alipotoka jukwaani nilimkuta nyuma ya kinu cha mbao, unga umemjaa usoni, wanja umechora mistari miwili juu ya unga. Signe alikuwa anakuja mbio, nikamzuia kwa kapu langu.

"Ulisahau?" nikamwuliza Vibeke.

"Sikusahau. Nilikuwa namjibu Troels. Mbele ya mke wa mtu ningemjibuje zaidi ya hapo?"

Nilimpa kitambaa, kwa sababu pazia lilikuwa linafunguliwa tena na alitakiwa aende akainame, na Inge alikuwa tayari amesimama akimpigia makofi kuliko watu wote.